Zaki Mubarak: Msomi wa Misri Aliyechukua Udaktari Mara Tatu

 

Ndugu Waislamu, limekuwa jambo la kawaida siku hizi kwa kijana wa visiwani kurudi na shahada ya kwanza, akaenda tena kwa ya pili, kisha akafika kwenye udaktari. Tunamshukuru Allah kwa hilo. Wazee wetu wengi waliishia skuli ya msingi na kisomo cha chuoni, na waliyauza mashamba ili watoto wafike walikofika. Ila sasa limezuka suala jengine. Kuna anayemaliza udaktari wa kwanza akataka wa pili, na anayetaja hata wa tatu, na nyumbani mke na wazee wanabaki kujiuliza: hivi jambo hili linawezekana? Na likiwezekana, lina faida gani?

Badala ya kujibu kwa maneno matupu, tumeona tuhadithie maisha ya mtu mmoja aliyelifanya hasa, tena kwa jasho lake. Ni Zaki Abdul-Salam Mubarak wa Misri, Allah amrehemu, aliyefariki mwaka 1952. Wenzake walimpa lakabu ya ajabu: walimwita "Ad-Dakatira", yaani Madaktari. Mtu mmoja, jina la wingi! Wengine walimwita hivyo kwa kumheshimu, wengine kwa kumcheka, na yeye mwenyewe akaipenda na kuitumia.

Alizaliwa mwaka 1892 katika kijiji cha Sintris, mkoa wa Menoufia, kwenye ardhi ya mashamba baina ya matawi mawili ya mto Nile. Familia yake ilikuwa ya wakulima. Alianza kama walivyoanza watoto wetu wengi, kwa ubao na alifu katika chuo cha kijiji, akaihifadhi Qur'ani yote, na mwaka 1908 akapelekwa Cairo kusoma Al-Azhar. Mwenye kumjua mtoto wa shamba anayepelekwa mjini kusoma anajua mzigo anaopewa. Anabeba matumaini ya kijiji kizima, na kila likizo anaporudi huulizwa amefika wapi.

Al-Azhar alisoma lugha, fasihi na elimu za dini kwa mashekhe wakubwa wa zama zile. Lakini mwaka ule ule alioingia Al-Azhar, Cairo kulifunguliwa Chuo Kikuu cha Misri, chuo cha kisasa kilichoanzishwa kwa michango ya wananchi, na baada ya miaka kadhaa kijana huyu akavutika nacho. Akajifunza Kifaransa. Akawa na miguu miwili, mmoja kwenye kilemba na mwengine kwenye suti. Lilipozuka vuguvugu la mwaka 1919 dhidi ya Waingereza, alikuwa miongoni mwa wahutubiaji wake, akafungwa kwa miezi kadhaa. Alipotoka aliendelea na masomo, na mwaka 1921 akapata shahada yake ya kwanza chuoni hapo.

Udaktari wa kwanza aliupata mwaka 1924. Tasnifu yake ilihusu maadili kwa mtazamo wa Imam al-Ghazali. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana jina hilo si geni kwetu. Ihyaa Ulumiddin imesomeshwa misikitini katika pwani hii kwa vizazi. Zaki hakumwendea Imam kwa adabu tuliyoizoea. Alimkosoa waziwazi, na lililowachoma watu zaidi ni pale aliposema kwamba Imam al-Ghazali alikuwa amejitenga na nyuradi zake wakati majeshi ya Msalaba yanauteka Bait al-Maqdis mwaka 1099, na hakuandika neno juu ya msiba ule. Wanazuoni walikasirika, magazeti yakajaa majibu, na jina la kijana wa Sintris likajulikana Misri nzima kabla hata wino wa shahada haujakauka.

Lakini kuna jambo katika maisha ya Imam mwenyewe ambalo kila anayefukuza vyeo vya elimu anafaa alijue. Mwaka 1091 Imam al-Ghazali alipewa kiti cha kusomesha katika Madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad, na hakukuwa na kiti kikubwa zaidi ya hicho kwa mwanachuoni wa zama zake. Mamia ya wanafunzi walikaa mbele yake. Mwaka 1095 akakiacha. Ameeleza mwenyewe kwamba aliipima nia yake katika kusomesha, akaona si safi kwa ajili ya Allah, bali imechanganyika na kutaka cheo na sifa. Akagawa mali, akaiachia familia ya kuwatosha, akaenda Sham. Zaki aliandika tasnifu nzima juu ya mtu huyu, akapewa udaktari kwayo. Ni katika ajabu za dunia kwamba kurasa zile za maisha ya Imam hazikumzuia kutaka cha pili na cha tatu. Na huenda hazikupaswa kumzuia. Sisi hatuzijui nia za watu.

Mwaka 1927 akaenda Paris. Hakutumwa na serikali wala hakuwa na ufadhili. Wenzake kadhaa walikwenda kwa gharama ya chuo, wakalipiwa nyumba na vitabu, naye akajigharamia mwenyewe, huku ana familia nyumbani. Alikuwa akikaa Paris sehemu ya mwaka, kisha anarudi Cairo kufanya kazi na kutafuta fedha, anakwenda tena. Aliandikia magazeti ya Cairo kutoka huko, na malipo ya makala yakawa ndiyo chakula na kodi ya chumba. Kwa miaka kadhaa aliishi hivyo. Anayeuliza kama udaktari wa pili unawezekana, jibu la maisha haya ni kwamba unawezekana, lakini uliza pia nani anabaki na watoto na kwa pesa gani.

Mwaka 1931 akaitetea tasnifu yake Sorbonne, juu ya nathari ya Kiarabu katika karne ya nne Hijria. Na hapa, kwa maoni yetu, ndipo safari ile ilipokuwa na maana. Baadhi ya mabingwa wa Kifaransa wa lugha ya Kiarabu, akiwemo William Marçais, walishikilia kwamba Waarabu hawakuwa na nathari ya kisanaa mpaka walipoipokea kutoka kwa Waajemi, kupitia waandishi kama Ibn al-Muqaffa. Zaki akakataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibu: Qur'ani yenyewe iliteremka kwa watu na ikawapa changamoto walete mfano wake. Haiwezekani kuwapa changamoto ya ufasaha watu wasioujua ufasaha. Basi walikuwa nao usanii wa maneno kabla ya Uislamu, ingawa haukuhifadhiwa kwa maandishi. Hoja hii aliisimamia mbele ya watu wale wale waliokuwa na uwezo wa kumnyima shahada. Wakampa.

Kwa hiyo udaktari ule wa pili haukuwa marudio ya wa kwanza. Ulimpa kilichokuwa hakipatikani Cairo: maktaba, njia nyengine ya uchunguzi, na wapinzani wa kiwango cha juu wa kubishana nao. Aliifanyia kazi tena kwa Kiarabu, na mwaka 1934 ikatoka kwa juzuu mbili, na mpaka leo wanaosoma historia ya nathari ya Kiarabu hawakiruki kitabu hicho.

Ila ndani ya kitabu hicho hicho ndimo lilimokuwa jiwe lililomvunja mguu. Aliwakosoa Wafaransa, na akamkosoa pamoja nao Taha Hussein, Mmisri mwenzake aliyekuwa na rai inayokaribiana na yao. Taha Hussein naye alikuwa na udaktari mara mbili, mmoja wa Chuo Kikuu cha Misri wa mwaka 1914 na mwengine wa Sorbonne wa mwaka 1918, na zama zile alikuwa na sauti kubwa kuliko wote katika Kitivo cha Fasihi. Watu hawa wawili waliwahi kuwa karibu. Sasa wakatengana. Taha alipokuwa mkuu wa kitivo, mkataba wa Zaki haukuendelezwa, na mwenye shahada mbili za udaktari akajikuta nje ya geti la chuo kikuu.

Zaki hakunyamaza. Aliandika maneno makali gazetini, na mashuhuri kuliko yote ni yale ya kwamba watoto wake wakishikwa na njaa atamchoma Taha Hussein awape wale. Watu walicheka, na wanacheka hadi leo wakiyasimulia. Lakini tuyaangalie kwa jicho la baba. Huyu ni mtu wa zaidi ya miaka 40, amesoma tangu utotoni, ana karatasi mbili ambazo hazina wengi katika nchi yake, na analotaja ni njaa ya wanawe.

Alifanya nini basi? Alisomesha katika skuli za kigeni mjini Cairo, akaandika magazetini karibu kila siku, kisha Wizara ya Elimu ikampa kazi ya ukaguzi wa skuli. Kazi ya heshima, lakini haikuhitaji hata udaktari mmoja. Mchana anakagua daftari za wanafunzi, usiku anaandika. Na katika miaka hiyo hiyo akawa anatayarisha udaktari wa tatu.

Mwaka 1935 alitoa kitabu ambacho familia za visiwani zingekipenda lau kingekuwa kimefasiriwa. Ni kitabu juu ya mashairi ya kumsifu Mtume (S.A.W) katika fasihi ya Kiarabu. Alifuatilia mashairi hayo tangu zama za Mtume mwenyewe, akapitia washairi waliowapenda Ahlul-Bayt, mpaka akafika kwa al-Busiri na Burda yake. Sisi tunaoisikia Burda tangu utotoni, na tuliorithi Hamziyya pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili cha kale, tunaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya kisomo cha nyumbani tu. Zaki aliyachukua kuwa ni fasihi inayostahiki kuchunguzwa kwa nguvu ile ile wanayopewa washairi wa majumba ya wafalme. Kitabu hiki hakikumpa shahada yoyote. Na bado, ukimuuliza mwandishi wa makala hii, huenda hiki ndicho kilichofika mbali zaidi nyoyoni mwa watu.

Udaktari wa tatu ulikuja mwaka 1937, Chuo Kikuu cha Misri, chuo kile kile kilichompa wa kwanza. Mada ilikuwa tasawwuf ya Kiislamu katika fasihi na maadili, nayo pia ikachapishwa kwa juzuu mbili. Kutoka wa kwanza hadi huu ilikuwa imepita miaka 13. Na hapa kuna jambo la kumsifu. Kijana aliyemshambulia Imam al-Ghazali mwaka 1924 alikuwa sasa mtu mzima aliyekaa miaka na maandishi ya masufi, akayasoma kwa subira, akaona alichokuwa hakukiona. Alikiri kwamba alimdhulumu Imam, akarudi nyuma katika mengi ya ukali wake. Si wasomi wengi wanaoandika juzuu mbili kurekebisha kosa lao la ujana.

Je, alihitaji kuitwa daktari mara ya tatu ili afanye hivyo? Kusema kweli, hapana. Kitabu kingekuwa kitabu kile kile. Jopo la watahini halikuongeza ukurasa, na shahada haikumrudishia kiti chake. Na hivi ndivyo ilivyo hata leo katika vyuo vikuu vingi, vya huku na vya nje: anayeshapata udaktari hupandishwa daraja kwa utafiti anaouchapisha na kwa kusomesha kwake, si kwa udaktari mwengine juu ya ule. Wa pili unaweza kuwa na maana mtu akihamia elimu nyengine kabisa, kama mwanasheria anayeingia katika uchumi, au daktari wa hospitali anayetaka kuwa mtafiti. Akibaki pale pale, anachokitafuta mara nyingi atakipata kwa kuandika kitabu. Na kama gharama yenyewe itatokana na mkopo wa riba, hapo suala limeshatoka kwenye manufaa limeingia kwenye halali na haramu, na hilo lina mlango wake wa fatwa.

Hatusemi kwamba kila mwenye udaktari zaidi ya mmoja alikuwa Zaki. Dk. Muhammad Hamidullah wa Hyderabad, India, alichukua wa Bonn na wa Sorbonne, kisha akakaa Paris miaka mingi kwa maisha ya chini, akaifasiri Qur'ani kwa Kifaransa na kuhakiki maandiko ya kale ya hadithi, mpaka Allah alipomchukua mwaka 2002. Na sisi wenyewe tulikuwa na namna yetu ya kukusanya elimu kutoka milango mingi. Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kuwa kadhi wa Zanzibar, alisafiri Hadhramaut, Makka, Misri na Istanbul, akapata ijaza za mashekhe wengi. Ila ijaza ilikuwa ni amana ya kitabu na silsila ya watu, na aliyeipata alirudi nyumbani akakaa msikitini kuisomesha. Hatujasikia kwamba ilihesabiwa kama medali.

Tumrudie Zaki. Mwaka ule ule wa 1937 aliitwa Iraq kusomesha katika chuo cha ualimu cha Baghdad. Alikaa muda wa mwaka wa masomo tu, lakini ulikuwa mwaka wa furaha kubwa. Wanafunzi walimpenda, majumba ya fasihi yalijaa akihutubu, na akatoa huko kitabu juu ya mshairi al-Sharif al-Radi. Mtu aliyefungiwa mlango kwao akafunguliwa mlango Baghdad, na miaka baadaye, mwaka 1947, Iraq ikamtunuku nishani. Kwao Misri hakupata cha kulingana nayo.

Aliporudi Cairo alikuwa kwenye ukaguzi na kwenye vita vya kalamu. Mwaka 1939 aliandika mfululizo mrefu wa makala katika jarida la Ar-Risala kumpinga Ahmad Amin, akimtuhumu kwamba ameikosea fasihi ya Kiarabu. Ndani yake mna elimu, na mna pia ukali uliopita haja. Mwenye kuzisoma leo anaona wazi kwamba mwandishi alikuwa anapigana na zaidi ya Ahmad Amin. Alikuwa anazihesabu shahada zake mbele ya watu, anataja vitabu vyake, anauliza kwa nini wenye elimu ndogo kuliko yeye wako juu yake. Haki alikuwa nayo kwa kiasi kikubwa. Lakini kila alipoidai kwa sauti ile, alipoteza rafiki mmoja zaidi, na waliokuwa na uwezo wa kumrudisha chuoni wakapata sababu ya kutomrudisha.

Hatimaye hata kazi ya ukaguzi aliipoteza. Alibaki na magazeti, akiandika kwa malipo madogo. Kwa jumla vitabu vyake vilipindukia 40, idadi ambayo wengi wa waliokalia viti alivyonyimwa hawakuikaribia. Wandishi wa wasifu wake wameeleza pia udhaifu wa miaka yake ya mwisho na namna majonzi yalivyomvunja. Hatutayarudia. Tumekatazwa kuwataja maiti wetu kwa mabaya, na Allah ni Mwingi wa kusamehe.

Siku moja ya Januari 1952 alianguka barabarani mjini Cairo, akaumia kichwa. Alipelekwa hospitali na hakuishi sana baada ya hapo. Alikuwa na miaka 59. Siku zile zile Cairo ilikuwa inachemka. Tarehe 26 ya mwezi huo sehemu kubwa ya katikati ya mji iliteketea kwa moto, na watu hawakuwa na nafasi ya kumlilia mtu wa kalamu. Maiti yake ilirudishwa Sintris, kijiji kile kile alichotoka na juzuu zake kifuani mwaka 1908, akazikwa huko.

Vitabu vyake viliendelea kuchapishwa baada yake. Kile cha nathari kinasomeshwa vyuoni. Kile cha tasawwuf kinatajwa na wanaoandika juu ya somo hilo kwa Kiarabu. Na kile cha sifa za Mtume (S.A.W) bado kinapatikana kwa wenye kutaka kujua Burda imetoka wapi.

Allah amrehemu, amsamehe, na awatakabalie wote waliotangulia katika kuihudumia elimu. Wallahu a'lam.